Behewa Lenye Mkono wa Verna

Pale Marlow, mahali reli mbili zinapokatana, sisi wazee tunaotazama treni za mizigo tuna sheria ambayo haikuandikwa popote. Ukiona behewa la kale likipita, mpigie simu mwenzako aliye mbele kwenye njia hiyo, ili naye asilikose. Lakini ukilikuta limeegeshwa mahali, limesahauliwa, funga mdomo. Ukipataja mahali hapo, wezi wa vyuma watalikata, vijana watalichorachora, na mwenye kiwanja atafunga geti.

Clifton Bruner ndiye aliyenifundisha sheria hiyo. Tangu nilipostaafu, viti vyetu vya kukunja vilikaa bega kwa bega kando ya kivuko, chupa ya kahawa katikati, na redio yake ndogo ikinasa maongezi ya madereva wa treni.

"Inakuja ya mahindi," alikuwa akisema.

"Ya mahindi ilipita jana. Hii ni ya magari."

"Lowell, masikio yako yamekwenda likizo bila kukuaga."

Ikifika, ni ya makaa ya mawe, na sote tunacheka.

Wengine hupenda vichwa vya treni. Vikishapita wanarudi garini. Mimi nilibaki kuangalia mabehewa mpaka la mwisho, na Clifton alijua ninachotafuta. Mke wangu, Verna, alikuwa mwandika herufi katika karakana ya reli, mimi nikiwa fundi chuma hapo hapo. Tulijuana shule ya jioni, mimi nikihangaika na hesabu, yeye akijifunza kuchora herufi. Wenzake karakanani waliweka bati lenye matundu ya umbo la herufi, wakapuliza rangi, wakaondoka. Verna akiona kingo hazikutoka vizuri alirudia kwa brashi, kidole chake cha mwisho kikiegemea ubavu wa behewa ili mkono usitetemeke. Kwa hiyo chini ya kila neno ilibaki michirizi hafifu ya kidole hicho. Msimamizi alimgombeza mara nyingi. Alimwitikia vizuri, kisha akaendelea vile vile.

Kampuni ilikufa. Mabehewa yaliuzwa, yakapakwa rangi za wamiliki wapya, mengine yakakatwa vipande. Baadaye Verna naye akafariki. Picha zake ninazo nyingi, za harusi, za Krismasi, ila hakuna hata moja inayomwonyesha kazini. Nilitaka kuiona kazi yake mara moja tena kabla sijafa. Ndiyo sababu nilikaa pale kivukoni, kwenye jua na kwenye theluji.

Behewa lenye kazi yake nililipata mahali ambapo treni hazipiti tena, nyuma ya kiwanda cha mbegu kilichofungwa, kwenye kipande cha reli kilichomezwa na magugu. Wekundu wake ulikuwa umefifia kama tofali la zamani. Nilisugua chini ya jina la kampuni kwa mkono wa koti langu, taratibu, na michirizi ikatokea. Niliweka kidole changu juu yake. Kisha nikakaa chini kwenye majani, kando yake.

Nilimpeleka Clifton peke yake. Alivua kofia.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Basi bwana, mimi sijaona kitu."

"Hata Nadine usimwambie."

"Mke wangu ananisikiliza lini? Nikimwambia nyumba inaungua ataniambia nifute miguu kwanza."

Vuli ile nilianguka nikavunjika nyonga, nikalazwa majira yote ya baridi katika nyumba ya kuuguzia. Clifton alikuja kila wiki na pai ya cheri aliyooka Nadine. Kila mara nilimwuliza kama amepita kule.

"Lipo," alinijibu. "Limelala kama paka."

Majira ya kuchipua, mpwa wangu alinipeleka kule kwa gari. Reli ilikuwa tupu. Magugu yalikuwa yamelala chini, na matairi makubwa yalikuwa yameacha mashimo kwenye tope. Nilimpigia simu Clifton pale pale.

"Wamelikata! Clifton, wamelikata!"

Akasema kwa sauti ya kuchangamka, "Hakuna aliyelikata. Jumamosi vaa koti lako zuri. Nitakufuata."

Alinipeleka kwenye jumba la makumbusho ya reli, mwendo wa saa nzima. Watu walikuwa wamejaa uani, na mbele yao palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa turubai. Mwenyekiti wa makumbusho, mama mmoja mchangamfu aitwaye Harriet Oakes, alisema jambo kuhusu urithi wetu, na turubai likashushwa. Watu wakapiga makofi.

Lilikuwa behewa lile lile, jekundu kama tufaha la dukani. Walikuwa wamelisugua kwa mchanga mpaka chuma kitupu, wakalipaka upya, wakaandika upya. Herufi zilikuwa zimenyooka, safi kabisa. Nilienda karibu, nikainama na fimbo yangu, nikatafuta chini ya jina. Palikuwa panang'aa. Nikaona uso wangu.

Karibu na mlango palikuwa na kibao cha shaba kilichosema kuwa behewa hili limegunduliwa na Clifton Bruner.

Nilimvuta nyuma ya behewa.

"Lilikuwa linaoza, Lowell," akawahi kusema kabla sijafungua mdomo. "Miaka miwili mingine lingekuwa unga. Nimeliokoa."

"Hawakukuuliza kama kuna kitu cha kubakiza?"

Aliangalia viatu vyake.

"Clifton, nakuuliza."

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hakuna."

"Ulijua."

"Ningewaambia kuna mkono wa Verna, wangeuliza nimejuaje. Ingebidi nikutaje. Lingekuwa behewa lako." Alivua kofia. "Maisha yangu yote nimekaa kando ya reli, bwana, na sijawahi kuvumbua kitu hata kimoja. Hata kimoja! Nilidhani ukiliona limependeza hivi, utafurahi na wewe."

"Na zile pai?"

"Pai zilikuwa pai tu, Lowell. Ulikuwa mgonjwa."

Harriet Oakes akaja akinitafuta. Alikuwa ameambiwa kwamba nilifanya kazi katika karakana ile, na akanisogeza mbele ya watu niseme kama behewa liko sawasawa na siku lilipotoka. Clifton alisimama pembeni, kofia mkononi, akinitazama kama mtu anayesubiri hukumu.

Ningeweza kumvua nguo mbele ya wote. Sijui kwa nini sikufanya hivyo. Nadhani sikutaka kulitaja jina la Verna mahali pale.

"Rangi ni nzuri," nilisema. "Waliopaka wanajua kazi."

Wakapiga makofi. Nikamnong'oneza mama Harriet kama kuna mtu anayeelekea Marlow, akasema fundi wao mmoja anaondoka sasa hivi. Tulipokuwa tunatoka getini na gari la fundi, Clifton alikuwa amesimama kando ya gari lake, amenifungulia mlango wa mbele na kukisogeza kiti nyuma ili nyonga yangu isibanwe. Aliinua mkono. Fundi akaniuliza kama namfahamu yule mzee.

Nikamwambia anyooshe tu barabara.