Viti vya Rosaria Nje

Siku nne tu Kabuta, kando ya Ziwa Mweru, na Clotilde alikuwa ameshawachukia hata samaki ambao bado hawajavuliwa. Chisense, vile visamaki vidogo kama misumari, vilianikwa mchangani kuanzia mlangoni mwa nyumba hadi majini, na nzi walikuwa tele. Harufu iliingia kwenye mto wa kulalia, kwenye chai, kwenye nywele. Alipopiga mswaki aliona kama anasugua meno kwa utumbo wa samaki.

Lakini tuseme ukweli, samaki hawakuwa na kosa. Kichefuchefu alikuja nacho mwenyewe kutoka Mantapala.

Kule, kwenye makazi ya wakimbizi, alikuwa mkalimani wa shirika moja kwa miaka sita. Mkimbizi alisimulia, naye Clotilde akayasema yote mbele ya wakubwa kana kwamba yamempata yeye, maana ndivyo walivyofundishwa. Kinywa chake kilichomewa nyumba mara mia, kikazika watoto wasiohesabika, na saa sita mchana kikaenda kula maharage. Halafu Jumanne moja mama mmoja alilia mbele yake, kamasi zikamshuka hadi mdomoni, na Clotilde hakuona huruma. Aliona kinyaa. Alitamani kumsukuma yule mama kutoka kitini. Akatoka nje, akatapika nyuma ya choo, na hofu iliyomshika pale haikuwa ya ugonjwa. Alijiogopa mwenyewe.

Mganga wa kliniki alimwandikia mapumziko ya siku kumi na nne. Elliot, mkuu wao wa kazi, aliipokea barua ile kwa ncha za vidole kama nepi chafu. Huyu huyu ndiye aliyewaitia semina ya kujitunza mwaka uliopita, wakala biskuti, kila mtu akapewa kikombe kilichoandikwa "Tabasamu". Kikombe walipewa, sikatai. Kupumzika kulikuwa habari nyingine. Clotilde hata hajafungua begi lake kwa mjane wa mjomba wake, ujumbe ukaanza kumiminika kwenye simu: watu wapya wamevuka ziwa, hakuna mwingine anayejua Kitabwa, rudi tafadhali, na mwishoni picha ya mikono miwili inayoomba. Ile mikono aliichukia kuliko maneno. Alichokijua ni kimoja: akirudi sasa, siku moja atampiga mtu ambaye ameshapigwa na dunia nzima.

Basi asubuhi ile ya nne, Rosaria, huyo mjane mwenye nyumba, alipokwenda Nchelenge sokoni na beseni lake, Clotilde aliamua angalau chumba kimoja kisinuke. Akatoa nje viti vyote vya sebuleni, kwa sababu mito yake ilikuwa imekunywa harufu ya samaki kwa miaka mingi. Akafagia. Akaosha nywele, akaziacha zimefumuka zikauke, akatandika mkeka sakafuni, akajifunga kitenge na kuketi ameegemea ukuta. Hakutaka chakula. Hakutaka mtu.

Sasa, mtu wa Kabuta akipita akaona viti vya sebuleni viko nje, na ndani mwanamke ameketi chini, nywele timutimu, anauliza nini tena? Pale pana msiba.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani, Mama Nkandu. Aliweka mzigo wa kuni mlangoni, akavua kandambili, akaingia kwa magoti akilia kwa sauti iliyowafikia wavuvi majini. Haikupita nusu saa, wanawake walikuwa kumi na wawili. Mmoja alileta unga. Mwingine alileta, naam, samaki.

"Bamama, hakuna kilio hapa," Clotilde alisema. "Miye nilitoa viti juu ya harufu."

"Lia, mwana wangu," Mama Nkandu alisema, akamkumbatia hata pua yake ikazama kwapani. "Usifunge mu roho. Tuko pamoja."

Clotilde alibana pumzi. Machozi ya watu, jasho la watu, kamasi za watu! Aliyakimbia Mantapala kwa basi, na sasa yamemfuata hadi hapa kwa miguu. Angekuwa na nguvu angewatupa wote ziwani, na kuni zao.

Rosaria aliporudi na kukuta kilio ndani ya nyumba yake, alibwaga beseni, akajitupa chini na kulia kuwashinda wenzake. Alipopata pumzi akanong'ona, "Ni nani, Clotilde? Ni mama yako wa kule Pweto?"

"Mama ni muzima! Hakuna mutu alikufa!"

"Awe, hapana, anaficha," Rosaria akawaambia wenzake, na kilio kikaanza upya.

Hapo ndipo gari la shirika liliposimama nje. Elliot alikuwa amekuja kumchukua mwenyewe, faili mkononi. Aliviona viti, akavua kofia. Aliingia taratibu, akachuchumaa, na sauti yake ikawa ndogo kuliko Clotilde alivyowahi kuisikia.

"Pole sana, mukwai. Ungesema tu! Nilikuja kukurudisha, lakini kilio ni kilio. Livu ya kilio ni siku saba juu ya zile zako, na hakuna mutu atakupigia simu." Akafungua faili. "Niambie tu jina ya mufu, niandike."

Wanawake wakanyamaza wasikie. Clotilde alimtazama yule mwanamume na kalamu yake, akaona kinyaa mpaka kwenye meno. Kumbe barua ya mganga si kitu, ruhusa inatolewa na maiti! Angeweza kusema mama. Jina lilikuwa tayari ulimini, na hilo lilimchukiza kuliko samaki wote wa Mweru: kwa nusu dakika nzima alikuwa anafikiria kumuua mama yake apate wiki moja ya usingizi.

"Andika Clotilde," alisema.

Kalamu ikasimama. "Clotilde gani?"

"Ule alikuwa anatumika kwenu. Alikwisha. Huyu alibakia anachukia batu, anachukia hata wewe, shefu. Mukimurudisha leo, ataumiza mutu. Miye nimechoka. Andika."

Elliot alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Mama Nkandu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia samaki na kufariji wafiwa tu, alimvuta Rosaria mkono. Anasema nini? Rosaria akawageukia wanawake, akayarudia yote kwa Kibemba, neno kwa neno, mkono wake kifuani kana kwamba yamempata yeye. "Nanaka," alimalizia. Nimechoka.

Hakuna aliyechukua kuni zake akaondoka. Elliot aliandika kitu, akafunga faili, akatoka peke yake akivikwepa viti kwa uangalifu. Clotilde akaanza kulia, vibaya, kwa mdomo wazi, kamasi zikamshuka hadi mdomoni. Mama Nkandu alizifuta kwa ncha ya kitenge chake. Kilinuka samaki, kilinuka vibaya kabisa, na Clotilde hakugeuza uso.