Gauni la Kuangukia

Kazi yake ilikuwa kuanguka. Nyota wa filamu alipigana kwa uso tu. Aliyegongwa, akaburuzwa na kurushwa dirishani alikuwa yeye, na kwa kuwa kila mara aliinuka mzima, wenzake walimwita Paka. Leo Paka alisimama juu ya ngazi ya zege yenye vidato ishirini na viwili, roho mkononi.

Hadithi ilitaka jasusi wa kike awachape majambazi kumi na wawili bila nywele kuvurugika, kisha ajikwae, abiringike hadi chini, mwanamume aje amwokoe. Tena abiringike na gauni jekundu lisilofika magotini, mgongo wazi, na visigino virefu. Jasusi gani huenda vitani kavaa kama wa kwenda dansini, hilo halikumsumbua mtu. Wanaume walioanguka asubuhi walikuwa na vikinga magotini, viwikoni na kiunoni, vyote vimefichwa ndani ya nguo. Gauni alilovaa Paka halikuwa na pa kuficha hata kipande cha sponji.

Tangu juzi Paka alikuwa akiomba suruali. Mwongozaji alimjibu kwa upole kwamba watazamaji wanakuja kuona miguu. Lakini nyonga yake ilikuwa imevunjika mwaka jana, na daktari alimwonya kuwa ikivunjika tena atatembelea gongo. Alivihesabu vidato, akavihesabu tena. Kisha akavua viatu, akashuka taratibu.

"Bosi, hivi mimi sianguki."

Mwongozaji hakugomba. Alimgeukia kaka yake Paka, mwangukaji mwenzake, akaagiza aletewe wigi na gauni la saizi yake. Ndivyo kazi hiyo ilivyo: mwanamke akikataa, mwanamume huvalishwa nywele. Paka akamtazama kaka yake. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwake huyu alikuwa na watoto watatu na hajawahi kuvaa kisigino maisha yake yote.

Kaka alipanda na wigi, gauni na visigino, akishika ukuta. Alipofika juu alitazama chini, akayumba.

"Bosi, hapa mtu anakufa. Nipeni suruali na vikinga."

"Mpeni," alisema mwongozaji, hata macho hakuyainua.

Neno moja tu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Fundi wa mavazi alikuja mbio na suruali nyeusi. Kumbe siku zote ilikuwa sandukuni. Paka bado aliogopa, ila sasa aliogopa huku amekasirika. Akamzuia fundi njiani, akajifunga vikinga mbele ya wote, akavaa suruali, gauni akalichomekea kama shati. Akapanda.

"Dada, nimesema apewe yeye."

"Nimekusikia, bosi. Washa kamera."

Akasimama ukingoni mwa kidato cha juu. Mwongozaji alimtazama, kisha akamtazama kaka mtu, ambaye alikuwa ameshashuka, kavua wigi na kulikalia. Akawasha.