Ufunguo Ulionenepa

Siku tatu mwanawe askari hajapiga simu, na Fundi Nikeli alikuwa hakaliki. Pale kiwandani alihangaika kama kuku anayetaka kutaga, akilizunguka pipa la dawa linalovisha maganda ya risasi utando unaong'aa wa nikeli. Ili apate la kufanya, akatumbukiza humo ufunguo wa nyumbani, ule wa shaba uliokuwa umeota ukijani. Kila fundi pale hudokoa dawa hivyo: leo kijiko, kesho pete. Kisha akatoka nje kuitazama simu, na pipa likazunguka kupita muda wake.

Jioni akarudi nyumbani kifua mbele, ufunguo unang'aa kama kioo. Akauchomeka mlangoni. Ukaingia nusu, ukagoma. Akausukuma, akautukana, akamtukana na aliyetengeneza kitasa.

"Umelewa, mume wangu?" mkewe akauliza, akimfungulia kwa ndani.

"Nikeli imezidi. Unene wa unywele tu, lakini tundu halitaki utani."

"Sasa presha ya nini? Si nipo, nimeshakufungulia. Ingia ule."

Hakuingia. Ufunguo ule ulikaa pipa moja na maganda elfu nne, dawa ileile, muda uleule. Na kesho alfajiri mzigo huo, ukishajazwa baruti, unapanda lori kwenda kambini kwa mwanawe.

"Unakwenda wapi tena? Chakula kinapoa!"

"Kiwandani!" akafoka, tayari yuko barabarani. "Bunduki ikigoma hivi, mtoto atampigia hodi nani?"