Anayepakiwa ni Gunia

Magari mawili yalisimama kwenye yadi ya Athumani, muuza magari, pale Chuno mjini: moja jeusi, jingine la kijivu. Yassini alilizunguka lile jeusi kama bwana harusi. Dada yake, Hamisa, alisimama kando akishika ncha ya mtandio, akiyapima yote mawili kwa kitu kimoja tu: goti la mama.

Mama yao, Bi Mwanahamisi, alikuwa kule kijijini Msimbati na kidonda cha sukari mguuni. Kila wiki kilitakiwa kusafishwa hospitali mjini. Alikuwa akienda kwa bodaboda, mpaka goti likakataa kukunjika. Ndiyo maana Yassini, alipouza korosho zake, aliapa kununua gari la mama.

"La kijivu lina kikanyagio cha kupandia mlangoni, na sakafu yake iko chini," alisema Athumani. "Ila hili jeusi limenyanyuliwa springi. Tairi za kashata, zenye meno makubwa. Viti vya nyuma vinalala. Mchanga wa kwenu utalipigia saluti."

"La kijivu ni la mwalimu mstaafu," Yassini akacheka. "Mwanaume anataka kimo, bwana."

"Wote wanataka kimo. Hata wasiotoka nje ya lami," Athumani akajibu.

"Kaka, mama atapandaje?" Hamisa aliuliza.

"Unasemaje? Paza sauti, we bubu."

"Mama. Atapandaje?"

"Si tutampakia!"

Jeusi likaenda Msimbati, na halikukwama. Asubuhi ya kliniki, Yassini na jirani yao Thabiti walimshika mama makwapani wakamnyanyua. Kanga ikapanda juu ya magoti. Vijana waliokaa barazani wakageuza nyuso. Mmoja akachelewa kugeuza.

"Niteremsheni!"

"Mama, bado kidogo tu..."

"Mimi napanda, mwanangu. Anayepakiwa ni gunia."

Hamisa akakimbilia jikoni, akaleta kinu, akakipindua chini ya mlango wa gari. Mama akakikanyaga. Kinu kikadidimia upande mmoja mchangani, mama akaanguka, kidonda kikafumuka. Hakulisogelea tena gari lile.

Yassini aliahidi ngazi ya chuma. Fundi wa kuchomelea alipopatikana, alifunga kwanza taa za juu, safu nzima, maana bila taa hizo, alisema Yassini, gari lilikuwa kama liko uchi. Hamisa alilisikia neno hilo akiwa ndani, anaosha mguu wa mama kwa maji ya chumvi. Vidole vya mguu vilikwisha kuwa vyeusi.

Asubuhi moja mama alikuwa anapumua, lakini haamki. Wakampakia. Hamisa aliifunga kanga miguuni mwake kwa mafundo mawili, isipande.

Gari likaupasua mchanga. Yassini alikuwa analia huku anaongea. "Unaona? La kijivu lingezama hapa. Unaona, Hamisa?"

Ilikuwa kweli. Yote aliyoyasema Athumani yalikuwa kweli, hata viti vililala vizuri, na mama akalala juu yake amenyooka.

Walipokaribia Madimba, mji ungali mbali, mkono wa mama ulilegea ndani ya mkono wa Hamisa. Akaweka kiganja puani pa mama. Akangoja. Kisha akamfumba macho, akanong'ona "Inna lillahi", akamvutia mtandio ukamfunika uso.

"Geuza gari, kaka."

"Unasemaje?" Yassini akazidi kukanyaga mafuta. "Paza sauti!"