Mshumaa wa Anguzu

Anguzu alikuwa amechimba visima arobaini na tatu kule Lobule, na hakuwahi kupoteza mtu hata mmoja. Alipenda kulisema hilo, na nani angembishia? Kabla mtu hajashuka, aliweka mshumaa ndani ya kopo, akauteremsha kwa kamba. Ukizimika, hewa mbaya. Ukiwaka, shuka.

Kwa sifa hiyo alichukuliwa kwenye kazi ya kupanua mabwawa ya maji machafu ya Arua, naye akamchukua shemeji yake Ruffin, mwashi kutoka Kongo, mume wa mdogo wake Elena. Elena alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Mutu wangu nakupa wewe, kaka," alimwambia. "Umurudishe."

Siku hiyo ilibidi kuziba bomba kuukuu ndani ya shimo la zamani, kina cha watu watatu. Injinia Sandra alikataza mtu kushuka. Kipimo cha hewa kilikuwa kwenye kazi nyingine Koboko, kingefika saa nane.

"Mzee Anguzu, hii si kisima. Ngojeni."

"Sawa, injinia."

Sawa gani! Sandra alipokwenda tu bwawa la pili, Anguzu akatazama zege, lishakorogwa, linaanza kukauka juani. Na moyo ulimuuma pia, tusidanganyane: msichana wa juzi amfundishe yeye mambo ya mashimo? Akachukua kamba, ile moja tu iliyokuwepo, akaifunga kwenye kopo.

Mshumaa ukafika chini, ukatulia, ukawaka vizuri kabisa.

"Shuka, shemeji."

Ruffin akashuka kwa ngazi, pua ameikunja, akaanza kuchokoa tope kwa koleo ili alifikie bomba. "Iko nanuka kama mayai ya kuoza!" alipiga kelele, na wenzake juu wakacheka. Akachokoa tena. Kisha akainua uso, anatabasamu.

"Shemeji, harufu imeisha! Sasa iko muzuri."

Anguzu akafurahi. Mungu wangu, alifurahi! Hakujua kwamba gesi ya maji machafu haizimi mshumaa, na ikizidi huua pua kwanza, mtu asisikie harufu tena. Ruffin aliegemea koleo, magoti yakamlegea, akaanguka kifudifudi kwenye tope bila hata kuita.

Kamba ambayo ingekuwa kiunoni mwake ilikuwa imeshika kopo. Anguzu alitia mguu kwenye ngazi, lakini Sandra alifika mbio akamkamata shati, na wanaume wanne wakamshika huku akipiga mateke. Chini, karibu na kichwa cha Ruffin, mshumaa uliendelea kuwaka.

Jioni, Lobule, Elena alikuwa ameketi chini. Hakuwa amelia bado.

"Ulishusha mshumaa, kaka?"

"Nilishusha."

"Uliwaka?"

"Uliwaka."

Elena akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi wewe hukukosea. Ni Mungu amemutaka."

Wazee uani wakaitikia. Hapo Anguzu angeweza kunyamaza, na nani Lobule angejua? Lakini mikono ile ilimchoma.

"Elena, injinia aliniambia ningoje. Kipimo kilikuwa njiani. Mimi ndiye nilimwambia ashuke."

Elena akauachia mkono wake. Akashika tumbo lake.

"Kilifika saa ngapi?"

"Tulipokuwa tunamtoa."