Pipa la Jumanne

Jumanne saa kumi jioni, zamu ya Mwamvua, mumewe Khamisi aliingia kwa ukuta wa nyuma, akakatiza jikoni, akatokea ukuta wa mbele na mkate wa Asmahani kwapani. Mwamvua alikuwa anachambua maharage. Alisogeza jiko tu, kanzu isiungue.

"Hujambo, Mama Swaumu?"

Kabla hajajibiwa, yuko barabarani. Ndivyo alivyokuwa akipita tangu amwoe Asmahani, mke wa pili, miaka miwili sasa. Majirani hapo Kasulu walilalamikia vumbi la matofali, basi.

Mwezi huo Shadia, mtaalamu wa chuo kikuu, alipanga chumba kwa Mwamvua. Alikuwa anajaribu njia mpya ya kunasa antinyutrino, chembe zinazotoka chini ya ardhi na kupenya mlima, nyumba na watu bila kusimama.

"Ya kwangu ina kitambi," alisema Mwamvua.

Shadia akajaza pipa maji, akatia chumvi ya maabara, akafunga taa juu. Taa ikiwaka mara moja, chembe imegonga maji. Ikiwaka tena papo hapo, imenaswa. Pipa jingine aliliweka kwa Asmahani, apate kulinganisha.

"Kwake zimenaswa ngapi?"

"Mama, hii ni sayansi."

"Nimeuliza ngapi."

"Nne. Hapa bado."

Mwamvua akaongeza kilo nzima ya chumvi ya Uvinza, akaliviringisha pipa hadi pale anapopitia Khamisi.

Jumanne iliyofuata alipika samaki aina ya migebuka kwa mawese. Khamisi akapita katikati ya pipa, akatoka mkavu. Taa haikuwaka hata mara moja.

Alipokwisha kutoka, ikawaka. Ikawaka tena.

Mwamvua akafunua pipa. "Karibu, karibu ndani." Akatandika mkeka, akaipakulia chembe mgebuka wa Khamisi. Ilikaa. Ilikula mpaka kichwa. Shadia akaandika daftarini: imenaswa moja, imeomba mchuzi.

Jumanne ya tatu Khamisi alikuta sahani yake ina mwenyewe. Uso ukamkunjamana.

"Mama Swaumu, huyu nani anakula kwangu?"

"Aliyekaa."

Khamisi akageuza shingo ndani ya ukuta amtazame vizuri huyo mgeni. Miguu haikumsubiri. Mkate ulitangulia kutoka, kisha yeye, na shingo mwisho.

Mwamvua akarudisha jiko mahali pake.