Randa Iliyobaki Oicha

Mume wangu Ésaïe alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ni randa ya Mulaya, yaani ya Ulaya, wa pili ni mimi Agar. Nasema hivyo bila wivu, maana yule wa kwanza hayupo tena. Alibaki Oicha siku tuliyokimbia waasi, ndani ya sanduku la vyombo vya useremala, na baadaye tukasikia karakana nzima imeungua. Tangu tufike Butembo mke ni mimi peke yangu, lakini siku haipiti bila marehemu kutajwa.

Siku ile kila mtu alibeba alichoweza. Mimi nilibeba sufuria na godoro, binti yetu Séphora akabeba nguo. Ésaïe alikuta mbele yake vitu viwili, sanduku na mama yake mzazi. Mama Katungu ni mzee, miguu imemchoka. Ésaïe hakusita. Alichuchumaa, mama akamshika shingoni, wakaondoka. Kwa tendo hilo nitamheshimu mpaka naingia kaburini. Ila mdomo wake, Mungu amsamehe, haukujua kunyamaza baadaye.

"Kama ningekuwa na rabo yangu," anasema asubuhi, maana randa yeye huiita rabo. "Ile rabo ya Mulaya, unasukuma tu, inaimba," anasema mchana. Jioni anaombea chakula, na katikati ya sala anamshukuru Mungu kwa ajili ya wafanyakazi wa Mulaya wanaotengeneza chuma kizuri. Maharagwe yanapoa. Na mama yake ameketi pale pale kwenye mkeka, anasikia yote.

Mimi niliona mapema kwamba maneno yale yanamwingia. Alianza kula kidogo. Akaacha kuomba maji, akawa anangoja mpaka mtu amkumbuke. Halafu asubuhi moja, nikimwosha miguu, akaniuliza polepole:

"Agar, batu ba Oicha banaanza kurudia?"

"Moja-moja, mama. Juu ya nini?"

"Uniombee nafasi mu camion ya kupanda Oicha. Miye nitaenda kutafuta ile sanduku."

Nikacheka nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

"Mutoto wangu alibeba muzigo ya bure, akaacha kazi yake mu moto," akasema. "Chuma haiunguake. Labda iko mu majivu. Na weye hapana kumuambia."

Akaniapisha. Nilipogeuka nikaona kando ya mto wake kifurushi kimekwisha kufungwa, kitenge kimoja na Biblia. Mama huyu hawezi kufika chooni bila kushikwa mkono, na njia ya Oicha kila mtu anajua jinsi watu wanavyouawa humo. Lakini Butembo haikosi watu wenye huruma isiyouliza maswali. Siku moja nikiwa sokoni, mtu mwema angemwinua na kumpandisha juu ya magunia, nami ningerudi nikakuta mkeka mtupu. Hofu hiyo ilininyima usingizi.

Utaniuliza kwa nini sikuvunja kiapo nikamwambia Ésaïe. Nilimfahamu. Angelia, angenyamaza juma zima, kisha pumzi yake ingesema yale ambayo mdomo umekatazwa. Mama Katungu alimzaa, anasoma pumzi zake. Dawa ilikuwa moja tu: huyu bwana apate randa atakayoipenda, aache kuililia ile.

Kupata randa Butembo si shida, maduka ya vyombo yamejaa mji. Shida ni Ésaïe. Alikuwa ameyazunguka yote. Zile za Mulaya alizipapasa kama mtoto wa mtu na kuzirudisha, maana bei yake ni ya ng'ombe. Zile za bei ndogo alizinyanyua kwa vidole viwili, akazinusa, akasema, "Chinoiserie," yaani takataka ya Kichina, akatoka. Wenye maduka walikwisha kumpa jina, Inspecteur.

"Mchagua jembe si mkulima," nilimwambia siku moja.

"Miye si mukulima," akajibu. "Niko menuisier, seremala ya kweli."

Basi nikaenda mwenyewe kwa Kavugho, mwanamke mwenye kibanda cha misumari, nyundo na misumeno karibu na soko. Nikanunua randa ya bei ndogo, imefungwa katika boksi lenye picha ya mzungu anayetabasamu. Ésaïe alikubali kuijaribu ili nisilie. Alifunga kipande cha ubao wa mti wa libuyu, akasukuma. Randa ikaruka. Akasukuma tena, ikang'ata, ikaacha shimo, kisha mdomo wake ukaziba kwa vipande vya mti.

"Unaona?" akaniambia, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Chuma ni ya Mulaya. Ile yangu siku ya kwanza tu banaponipa, ilikuwa inakata sawa wembe."

Mama Katungu aliangalia chini. Nilitamani kumpiga mume wangu kwa ile randa.

Kesho yake niliirudisha kwa Kavugho, na nilifika nikiwa nimekwisha kukasirika tangu nyumbani. "Rudisha feza yangu. Hii rabo yako inakula mbao sawa mbuzi."

"Mulisugua chini yake? Mulinoa kisu?" Kavugho akauliza, wala hakuinuka kwenye kiti.

"Iko mupya!"

"Mupya, lakini haijaisha. Mama, ile bei ndogo unalipa chuma, haulipe kazi. Kazi yenye kubakia ni ya kwako." Akaipangusa vumbi kwa kitenge chake. "Kuna mutu ya Beni anabebaka carton muzima ya hizi hizi hapa kwangu. Akishatengeneza, bamenuisier banagombania. Banasema ni sawa ya Mulaya. Jacob, ule alikuwaka ku misioni."

Jina hilo nililijua. Jacob ndiye aliyekuwa akitunza dépôt, yaani stoo ya vyombo, katika karakana ya misioni, mahali ambapo Ésaïe alijifunza kazi akiwa kijana. Nikarudisha randa kwenye kikapu.

Nyumbani nilimwambia Ésaïe, "Baba Séphora, nasikia Jacob wa misioni iko na barabo ku Beni, batu banasema ni sawa ya Mulaya." Sikudanganya. Nilikata tu sentensi kabla haijafika mwisho. Alivaa shati la Jumapili. Nikamwachia Séphora bibi yake, nikamwambia asimwache peke yake hata kwa kwenda kuteka maji, na sababu sikumpa.

Jacob alikuwa na karakana kandokando ya njia ya magari ya kakao. Ni mtu mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo, na anapenda kusifiwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Alimkumbatia Ésaïe, akamzungusha, akauliza habari za Oicha, na aliposikia akatuletea viti. Ésaïe hakuketi. Macho yake yalikuwa juu ya meza ya kazi, kwenye randa moja yenye mpini wa mti uliochongwa vizuri, rangi yake yote imekwanguliwa.

"Naweza?"

"Sukuma."

Akasukuma. Nilisikia ule mlio niliokuwa nikiusikia Oicha kila asubuhi nikipika uji, na hapo tu nikajua kwamba mimi pia nilikuwa nimeukosa. Ukatoka utepe mrefu, mwembamba, ukajikunja juu ya mkono wake. Akarudisha macho kwenye ubao, akaupapasa. Machozi yalimlengalenga.

"Hii njo yenyewe," akasema. "Mulaya ni Mulaya. Yaya Jacob, kaka mukubwa, unaiuzisha?"

Jacob akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mama, naona uko na moja mu kitunga. Toa."

Nikaitoa kikapuni, na boksi lake, na mzungu wake anayetabasamu. Jacob akaziweka ubavu kwa ubavu, akazigeuza. Mwili ule ule, alama zile zile za kiwanda, hata kasoro ile ile ndogo karibu na mdomo.

"Hapana," Ésaïe akasema.

"Njo hivi. Bote baliteremuka mu gari moja."

"Lakini ile yangu ya misioni ilifika ikiwa inakata!"

"Nani alikuambia?" Jacob akauliza. "Bacaisse, zile sanduku za Mulaya, zilikuwa zinafika, chuma yake butu, chini haijanyooka. Miye nafunga mulango ya dépôt, nasugua mpaka mikono inakuwa nyeusi. Nikiisha, munaitwa, munapewa, munashangilia, kisha munaimba asante Mulaya."

"Na hausemake kitu?"

"Nani aliniuliza?"

Alilisema huku akicheka, lakini kicheko kiliishia njiani. Akashika kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Ésaïe akatoka nje. Nilimkuta amekaa juu ya gogo, amekunja uso. Nilidhani ana hasira na mimi kwa ile sentensi niliyoikata, nikajiandaa kujitetea.

"Miaka yote hii," akasema, "naombea mutu hata simujue. Na mutu mwenyewe alikuwa nyuma ya mulango, na tulikuwa tunakula naye sahani moja. Nasikia aibu, Mama Séphora."

"Basi ingia umuombee sasa. Iko hai bado."

Alinitazama vibaya, kisha akainuka. Ndani, aliushika mkono wa kuume wa Jacob kwa mikono yake yote miwili. "Wasingya, yaya," akamshukuru kwa lugha ya nyumbani, na Jacob, mtu wa maneno mengi, akapangusa uso kwa kile kitambaa. Kisha Ésaïe akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kutoka kinywani mwa mume wangu: "Kunoa kisu najua. Hii ingine yote, unifundishe."

Jacob akamletea kipande cha kioo cha dirisha, akakibandika karatasi ya msasa. Akapaka makaa chini ya randa yetu, akamwambia aisugue juu ya ule msasa. Makaa yakafutika ncha mbili tu, katikati yakabaki meusi. Hata mimi nilielewa: ilikuwa na bonde, ndiyo maana ilirukaruka. Ésaïe akasugua, akapaka, akasugua tena, mpaka weusi wote ukaondoka. Kisha kisu, mgongo wake kwanza, mpaka kikang'aa. Kisha kile kibati kinachokaa juu ya kisu, ambacho hakikulala sawa, na vumbi la mti lilikuwa likipenya hapo na kuziba mdomo. Jua lilihama ukuta mmoja mpaka mwingine. Ésaïe hakusema hata mara moja "kama ningekuwa." Nilikaa pale nikimenya mihogo na mke wa Jacob, nikimtazama, nikaona mgongo wa kijana aliyenioa.

Tulilala kwao. Asubuhi tukapanda gari la kurudi, na kadiri Butembo ilivyokaribia ndivyo nilivyozidi kuufikiria ule mkeka.

Mama Katungu alikuwa mlangoni, kifurushi juu ya magoti. Séphora alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba bibi amemwita dereva mmoja jirani yetu na kuzungumza naye, ila yeye hakuelewa ni habari gani. Ésaïe alikiona kifurushi, akadhani ni nguo za kufua. Alimsalimu mama yake, akafunga ubao uani, akaanza kazi kabla hata ya kunywa maji. Utepe ukatoka, mwingine ukafuata, zikaanguka miguuni pa mama.

Mama aliokota mmoja, akaupitisha kati ya vidole. "Ile njo ya Mulaya?"

"Hapana, mama. Ni ya soko. Niliitengeneza na mikono yangu."

"Ni sawa na ile ya Oicha?"

Nikafumba macho. Mume wangu hajui kusema uongo, na mama yake hajui kuuamini.

"Sawasawa," akasema. "Ile pia mutu aliitengeneza. Kule hakuna kitu nimeacha chenye siwezi kutengeneza hapa."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi Agar, ambia ule chauffeur asinipitie. Siendi tena."

Mlio wa randa ukakatika. "Kwenda wapi?" Ésaïe akauliza. Akanitazama mimi, nikatazama ukuta.

"Kutafuta sanduku yako," mama akajibu. "Sababu ulibeba miye."

Nilimwona akikumbuka. Asubuhi zote, mchana wote, sala zote, na nani alikuwa ameketi pale akisikia. Aliiweka randa chini, akaja akapiga magoti mbele ya mama yake, kichwa juu ya kile kifurushi, akalia bila kujificha, mbele yangu na mbele ya Séphora.

"Mama, hata kama Mulaya muzima ingekuwa mu ile sanduku, ningebeba weye."

Mama Katungu akamwekea mkono kichwani, akamtoa vumbi la mti kwenye nywele.

"Nilikuwa muzito?"

"Muzito sana, mama," Ésaïe akasema, uso bado umelowa. "Mugongo inaniuma mpaka leo."

Mama akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na majirani wakachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini.